Filamu za kale za majumba ya kutisha: ipi uanze kuinunua?

Kabla hujachagua filamu, geuza kasha la diski usome nyuma. Blu-ray, yaani diski za filamu zenye picha safi kuliko DVD, zimegawanywa kwa maeneo: A ni Amerika na Japani, B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. Aliye Mombasa, Dar es Salaam au Muscat na deki ya kawaida atafute diski za Uingereza. Ya Marekani yenye alama ya A peke yake haitasomeka. Diski za 4K, zenye picha safi zaidi, hazina mipaka hiyo. Na usitarajie maandishi ya Kiswahili chini ya picha.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja. Zote zimetokana na hadithi za kuandikwa, na hadithi fupi haijazi saa moja na nusu, kwa hiyo mwandishi wa filamu hana budi kuongeza yake. Unacholipia hasa ni hayo aliyoyaongeza.

1. The Masque of the Red Death (1964). Hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1842 ni ya kurasa chache tu: mwanamfalme Prospero anajifungia ngomeni na wageni wake, tauni inawamaliza raia nje, kisha tauni yenyewe inaingia karamuni. Mwongozaji Roger Corman alichomeka humo hadithi nyingine ya Poe, ya kijeba wa ikulu anayelipiza kisasi, na akamfanya Prospero mwabudu shetani. Vincent Price anaicheza nafasi hiyo kwa upole unaotisha kuliko kelele. Corman alizoea kumaliza filamu kwa wiki mbili tatu. Hii aliipiga Uingereza, akapewa muda zaidi, tena akatumia mapambo yaliyobaki kwenye filamu ya Becket, ndiyo maana ngome inaonekana ya gharama kuliko bajeti yake. Mpiga picha ni Nicolas Roeg, ambaye baadaye alikuwa mwongozaji maarufu. Vile vyumba vya rangi moja moja, njano, zambarau, cheupe, ndivyo vinavyokufanya ununue diski badala ya kuridhika na nakala iliyofifia ya mtandaoni. Chukua toleo lililokarabatiwa la kampuni ya StudioCanal, lenye filamu ndefu pamoja na ile iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema.

2. Night of the Demon (1957). Inatokana na hadithi ya M. R. James ya mwaka 1911. Unapenyezewa karatasi yenye maandishi bila kujua, na siku yako ya kufa imeshapangwa. Pona yako ni kumrudishia mwenyewe bila yeye kushtuka. Msomaji wa pwani aliyekulia karibu na hirizi hahitaji kuelezwa zaidi. Adui ndiye raha ya filamu: Karswell, bwana mkubwa anayeishi na mama yake na kuwafanyia watoto mazingaombwe akiwa amevaa kama mchekeshaji wa sarakasi. Mwongozaji Jacques Tourneur hakutaka zimwi lionekane waziwazi, lakini likawekwa, na ubishi juu yake haujaisha. Mimi ningeliondoa. Huko Marekani ilipunguzwa zaidi ya dakika kumi na kuitwa Curse of the Demon, kwa hiyo ukiona jina hilo peke yake kwenye kasha, uliza dakika. Toleo la kampuni ya Indicator ya Uingereza lina zote mbili.

3. La maschera del demonio (1960). Ya Mario Bava, Mwitalia, nyeusi na nyeupe. Mchawi anapigiliwa kinyago chenye misumari usoni dakika za mwanzo kabisa. Uingereza iliipiga marufuku hadi 1968. Barbara Steele anacheza mchawi na binti asiye na hatia. Toleo la Kimarekani, Black Sunday, lilikatwa na kubadilishiwa muziki. Tafuta la Kiitaliano. Ila kama unamtaka mwandishi Gogol, ambaye hadithi yake Viy ndiyo chanzo, hapa amebaki jina tu. Nunua Viy ya Kisovieti ya mwaka 1967, yenye zile usiku tatu kanisani pamoja na maiti.

4. The Body Snatcher (1945). Hadithi ya mwandishi Robert Louis Stevenson, Edinburgh, wezi wa maiti wanaowauzia madaktari. Boris Karloff hakuwahi kuwa mzuri kuliko hapa, na dakika za mwisho hazikuiacha hadithi.

5. House of Usher (1960). Ndiyo iliyofungua mfululizo wa Corman na Poe. Inakwenda polepole, waigizaji wakuu wanne tu. Inunue ikiwa kwenye kifurushi na nyingine, halafu uangalie vizuri ule moto wa mwisho, maana Corman aliutumia tena kwenye filamu zilizofuata.

Ya kuacha kwa sasa: The Black Cat (1934). Ni filamu nzuri, Karloff na Bela Lugosi wakipimana ubavu, lakini aliyelipa ili aone hadithi ya Poe atakuwa ameuziwa paka tu.