Kuonja Mji wa Kale wa Mombasa: asubuhi au jioni?

Asubuhi mwongozaji wa matembezi huanzia Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kabla jua halijawa kali. Anayependa historia achague saa hizi, maana usiku ngome imefungwa. Kisha mahamri ya moto: ukilipasua, mvuke wa iliki unakupanda puani, unachovya kwenye mbaazi za nazi. Marikiti, soko la viungo, ni hapo karibu.

Mimi lakini ni mtu wa jioni. Jua likishatua, mitaa inapoa na majiko yanawashwa. Viazi karai vinatolewa mafutani na kumwagiwa ukwaju, mishkaki inadondosha mafuta juu ya makaa, na muuza kahawa anakumiminia kahawa chungu kutoka kwenye dele, kikombe kidogo, na kipande cha kashata ya nazi. Hapo watu huketi barazani wakazungumza, na mgeni hukaribishwa. Mwezi wa Ramadhani usihangaike na asubuhi kabisa.

Anayetaka kileo asikitafute humu, huu ni mji wa Waislamu. Mnazi, pombe ya utomvu wa mnazi, ni wa Wamijikenda, na ni mtamu ukiwa mbichi. Mnazi uliolala huwa mkali.