Uzoefu wangu: miezi minane na programu ya kutafsiri vitu vya nyumbani kwenda Kilithuania

Nimekaa na hii programu ya kutafsiri kwenye simu miezi minane sasa, mitano ya bure na mitatu nikilipia euro 5 kila mwezi, na nimeitumia kwa kazi moja tu, kutaja vitu vya ndani kwa Kilithuania. Mambo ya chuo hayamo humu, darasani tunasoma kwa Kiingereza. Naongelea kijiko, ndoo, shuka, pasi, balbu, ufagio. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja hapa Kaunas, mji wa Lithuania, huko juu mtaa wa Žaliakalnis kwenye zile nyumba za mbao za zamani, na bibi Kiingereza hajui, yeye ni Kilithuania na Kirusi basi, kwa hiyo kama huwezi kusema bomba linavuja utalala na bomba linavuja.

Nianze na lililoniuma. Wiki ya pili nilikuwa na shati la kwenda nalo mahali pa maana, nikaandika "iron" nikabonyeza, ikaja geležis. Nikaenda kwa bibi nikamsomea vizuri kabisa na sauti ya simu nikamwekea, bibi akaniangalia, akavaa koti, akatoka hadi stoo ya nje kwenye baridi, akarudi na kipande cha chuma kirefu akaniuliza kama kinafaa. Geležis ni chuma, kile chuma chenyewe cha kufulia majembe. Pasi ya nguo ni lygintuvas. Nilijisikia vibaya sana, bibi wa watu ana miguu mibovu na nimemtoa nje kwenye theluji kwa neno ambalo simu ilinipa bila hata kuniuliza unamaanisha ipi.

Nikasema basi tatizo ni Kiingereza, ngoja niandike kwa Kiswahili moja kwa moja. Nikaandika misumari, nataka kutundika kioo, ikaniletea nagai. Nikaenda nalo Senukai, lile duka kubwa la vifaa vya ujenzi, kijana wa pale kwa upole akanionyesha upande wa mikasi ya kucha. Nagai ni kucha! Misumari ya kugongelea ni vinys. Sasa hapo ndo nikaelewa, maana kwa Kiswahili msumari na kucha havijawahi kukutana popote, vinakutana kwenye Kiingereza tu, "nail" na "nail". Yaani hata ukiandika Kiswahili neno lako linapitishwa kwanza Kiingereza halafu ndo linaenda Kilithuania, na pale katikati ndo linapopotelea. Shuka nayo ikaja lapas ambayo ni karatasi au jani la mti, wakati ya kitandani ni paklodė. Soketi ikaja lizdas, nikaja kujua lizdas ni kiota cha ndege, jina kamili la kwenye vitabu ni kištukinis lizdas, yaani kiota cha plagi, ila watu huku mtaani wanasema rozetė na ukisema rozetė umeeleweka.

Lakini lililonifanya nikae niandike haya yote ni hili la kufua. Nilikuwa nataka kumuomba bibi nitumie mashine yake Jumamosi. Simu ikanipa plauti drabužius. Bibi akaelewa lakini akanirekebisha palepale, skalbti, nguo ni skalbti. Vyombo na sakafu ni plauti. Uso na mwili wako mwenyewe ni praustis. Mi nikabaki nimesimama na kapu langu la nguo nikifikiria, lakini hii mbona ni yetu! Sisi hatuoshi nguo, tunafua. Vyombo tunaosha. Uso tunanawa, mwili tunaoga. Kiingereza kinasema "wash" kwa vyote, simu ikachukua hilo "wash" moja ikanipa plauti kwa vyote, na mimi ambaye kichwani ninavyo vyumba vyote hivyo tayari nikafundishwa kuvibomoa ili nije kuvijenga tena upya. Miezi miwili nilikuwa najifunza Kilithuania kupitia mlango mwembamba kuliko ule niliokuwa nao nyumbani.

Toka siku hiyo nikabadilisha namna ya kutumia, nikaacha kuuliza jina la kitu, nikawa nauliza kitendo. Na hapa Kilithuania kinafunguka vizuri sana aisee. Kukaanga ni kepti, kikaango ni keptuvė. Kufagia ni šluoti, ufagio ni šluota. Kuchemsha ni virti, halafu humo humo unapata virdulys birika, viryklė jiko, virtuvė jikoni kwenyewe, ni ukoo mzima kama kupika, mpishi na mapishi. Kugandisha ni šaldyti, friji ni šaldytuvas. Na ile lygintuvas iliyonitesa inatoka kwenye lyginti, kusawazisha, na sisi si ndo tunasema kunyoosha nguo? Nikiipata toka mwanzo kwa njia hiyo nisingeisahau. Taulo ni rankšluostis, ranka ni mkono na šluostyti ni kufuta, kifuta mikono. Ndoo ya taka ni šiukšliadėžė, boksi la takataka. Neno refu linatisha ukiliangalia lote kwa pamoja, ukilikata linakaa kimya.

Na programu haikuambii hayo. Inakupa neno moja limekauka. Kilithuania neno haliendi likiwa limekauka, lina sura saba kutegemea linafanya kazi gani kwenye sentensi. Simu inakupa šaukštas, kijiko, lakini ukitaka kusema nahitaji kijiko ni man reikia šaukšto, ninacho ni turiu šaukštą, nakula kwa kijiko ni valgau šaukštu. Ukisema man reikia šaukštas watakuelewa, ila utaona uso unajikunja kidogo kama vile sisi tukisikia mtu anasema kijiko yangu. Ukiandika sentensi nzima programu inajitahidi na mara nyingi inapatia, hapo naipa haki yake, ila ukiandika neno moja moja kama wengi tunavyofanya tukiwa dukani inakuacha na sura ya kwanza tu.

Kuna sura moja sisi hatuna haja ya kuiogopa kabisa, ile ya mahali. Wenzangu darasani wa kutoka nchi nyingine waliisumbukia sana, mi niliichukua siku moja. Virtuvė, virtuvėje. Spinta, spintoje. Lova, lovoje. Jiko, jikoni, kabati, kabatini, kitanda, kitandani, ni ile ile ni yetu imevaa nguo nyingine. Na ile ya kufanya kitu kiwe kidogo, sisi tunabadilisha mwanzo wao wanabadilisha mwisho, šaukštas kijiko cha kulia, šaukštelis kijiko cha chai. Puodas sufuria, puodelis kikombe, kisufuria. Hata unga ni miltai na sabuni ya unga ni skalbimo milteliai, vijiunga vya kufulia. Hilo la mwisho nililipenda mno.

Kuhesabu ndo bado kunanipiga. Balbu moja lemputė, mbili lemputės, kumi lempučių, na ukifika ishirini na moja unarudi kwenye umoja, dvidešimt viena lemputė. Mlango hauna umoja, ni durys tu hata ukiwa mmoja, na milango miwili husemi dvi, unasema dvejos durys. Mkasi nao hivyo hivyo, žirklės. Programu iliniandikia dvi durys mara kadhaa.

Herufi sasa. Hii ni muhimu na nasema kwa uchungu, msiandike bila vile vimkia na vikofia. Kusoma sio kazi kwetu kwa sababu Kilithuania kama Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, š ni sh, č ni ch, j ni y yetu, y yao ni i ndefu, ž ndo itabidi uizoee. Kazi ni kuandika. Januari maji ya moto yalikata, nikamtumia bibi ujumbe kwa haraka na kibodi ya Kiingereza, nera karsto vandens. Ilitakiwa nėra karšto vandens, hakuna maji ya moto. Karštas ni ya moto. Karstas bila kofia ni jeneza. Vijana wenyewe wanaandikiana hivyo bila kofia na wanaelewana, lakini bibi wa miaka ile kusoma jeneza kwenye simu asubuhi mapema sio kitu kizuri, na mimi nisingependa mtu amtumie bibi yangu hivyo. Jioni akanikalisha na chai akanieleza, kwa Kilithuania cha polepole na mikono, kwamba watu waliteseka kwa ajili ya herufi hizi. Kuanzia 1864 mpaka 1904 serikali ya Urusi ya kifalme ilipiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini, vitabu vikawa vinachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia, upande wa Wajerumani, na watu wanavivusha mpakani usiku kwa magendo, wengine wakakamatwa na kupelekwa Siberia. Wanaitwa knygnešiai, wabeba vitabu. Toka siku ile nimeweka kibodi ya Kilithuania kwenye simu na sijaitoa. Programu yenyewe ukiandika bila kofia inakubali tu na kukisia, haikuonyi, na mimi naona ingetakiwa ikuonye.

Yale mazuri nayo niyaseme maana yapo. Kamera ndo sababu ya kulipia na sijutii zile euro 15. Unaielekeza kwenye chupa inakusomea, baliklis ni ya kung'arishia nguo ile kali, minkštiklis ya kulainisha, indų ploviklis ya vyombo. Kabla ya kamera niliwahi kumwaga minkštiklis kwenye mashine nikidhani ni sabuni, nguo zikatoka zinanukia vizuri na uchafu wake uko palepale. Unga wa ugali pia kamera ndo ilinipatia, kukurūzų miltai, ni wa njano sio kama sembe yetu lakini unashika, na siku ukikosekana nachukua manų kruopos, semolina, nasonga na hiyo. Mwiko sijapata jina lake hapa, nasema medinis šaukštas, kijiko cha mbao, na kinachouzwa ni kidogo, mkono unachoka kabla ugali haujaiva.

Sauti ya kutamka ni safi na unaweza kuipunguza mwendo. Inafanya kazi bila intaneti ukishapakua lugha, ila bila intaneti makosa yanaongezeka, hasa ya jinsia, maana huku vitu vina uke na ume na sifa inafuata, didelis šaukštas kijiko kikubwa lakini didelė lėkštė sahani kubwa. Kwa mtu aliyekulia kwenye ki-vi na u-zi hili halimshangazi, ni kukariri tu.

Nyota naipa tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa sababu hiyo hiyo moja, haikuulizi unamaanisha nini. Neno moja la Kiingereza lina maana tatu, yenyewe inachagua moja kimya kimya, na anayelipa gharama ni wewe mbele ya mtu mzima unayemheshimu. Wangeweka tu picha ndogo pembeni, pasi au chuma, msumari au kucha, uchague, ingeishia hapo. Kama unaitumia fanya hivi, neno ulilopewa ligeuze lirudi kabla hujalisema kwa mtu, andika geležis uone inarudi kama nini, mara nyingi kosa linajionyesha lenyewe. Na kama ni kitu cha hatari kama gesi au umeme usiliamini neno moja, andika sentensi nzima. Kuna pia ile kamusi kubwa ya Kilithuania ya juzuu 20, ya kwanza ilitoka 1941 na ya mwisho 2002, ipo yote mtandaoni bure, mi bado ni nzito kwangu lakini bibi nikimfungulia kwenye kompyuta anaweza kukaa nayo saa zima.

Kulipia nimesimamisha mwezi huu. Kilichochukua nafasi yake ni vikaratasi vya njano, nimebandika kila kitu chumbani na jikoni, kitendo juu na kitu chini, na pembeni Kiswahili, Kiingereza nimekiondoa kabisa. Bibi anapita na kalamu yake nyekundu anasahihisha. Jana kwenye bomba nilikuwa nimeandika čiaupas tu, nimerudi kutoka chuoni nimekuta ameongeza chini yake kwa mkono wake čiaupas varva, bomba linavuja, maana kweli limeanza tena na fundi anakuja Alhamisi na yeye hatakuwepo, nitampokea mimi.