Karatasi za Kuchapia Stika za Roketi za Mfano: Ununue Ipi Kwanza

Stika zinazokuja ndani ya seti ya roketi ya mfano hutosha hadi pale mjenzi anapotaka jina la kwake ubavuni, anapofufua roketi ya zamani ambayo stika zake hazitengenezwi tena, au anapojenga kwa kufuata mchoro alioubuni mwenyewe. Hapo wengi huanza kwa kuuliza wanunue printa gani, na kwa maoni yangu huo ni mwanzo mbaya. Printa za kawaida hazina wino mweupe. Sehemu nyeupe ya mchoro huachwa tupu, na rangi nyingine zote hupitisha rangi iliyo chini yake, kiasi kwamba manjano yakiwekwa juu ya buluu huonekana kijani, na nyekundu juu ya nyeusi humezwa isionekane kabisa. Kwa hiyo amua kwanza roketi itapakwa rangi gani, kisha uchague karatasi. Printa ifuate baadaye.

Chaguo tatu za mwanzo katika orodha hii ni karatasi za stika za maji, zenye tabaka tatu: karatasi ya chini, gundi inayoyeyuka majini, na utando mwembamba sana unaobeba picha. Ukishalowesha kipande, gundi hulegea na utando huteleza kutoka kwenye karatasi hadi kwenye bomba la roketi, na unapata muda wa kuusogeza mpaka ukae sawa kabla haujashika.

Nafasi ya kwanza naipa karatasi ya printa ya leza yenye utando usio na rangi, ikitumika juu ya roketi nyeupe au ya rangi hafifu. Tona, inayotumiwa na printa ya leza badala ya wino, ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto, na ukishaganda juu ya utando hauogopi maji. Unaweza kuchapa, kukata na kulowesha papo hapo. Herufi ndogo hutoka zikiwa kali, na ukingo wa utando hauonekani sana ukishapulizia vanishi juu ya roketi nzima. Maandishi mekundu ya UNITED STATES yaliyo ubavuni mwa Saturn V, roketi iliyopeleka wanaanga mwezini, ni kazi iliyofaa kabisa kwa karatasi ya namna hii. Kasoro yake ni kwamba tona isiyopata joto la kutosha hubanduka vipande vipande unapoukunja utando kuzunguka bomba, na dawa yake ni kuiambia printa kwamba karatasi ni nzito. Huna haja ya kununua printa ya leza kwa ajili hii, kwani karatasi unaweza kuipeleka kwenye duka la uchapaji. Nenda na pakiti yake, maana wenye mashine wengine hukataa karatasi wasiyoijua, na wana haki: utando uliotengenezwa kwa printa ya wino ukipitishwa kwenye leza huweza kuyeyuka na kugandamana na rola ya joto.

Kabla ya kutumia karatasi ya bei, chapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida na uuvingirishe kwenye roketi yenyewe. Bomba la BT-60 la kampuni ya Estes lina kipenyo cha nje cha milimita 41.6, yaani mzunguko wa milimita 131 hivi. BT-50, lenye kipenyo cha milimita 24.8, lina mzunguko wa takriban 78. Hesabu hizo ni za bomba tupu. Rangi ya msingi na rangi ya juu huongeza unene, na mkanda uliochorwa kwa kipimo cha bomba tupu utaacha mwanya mwembamba mahali ncha zake zinapokutana, mwanya ambao jicho huuona kabla ya kitu kingine chochote. Pima bomba lililokwisha kupakwa, kisha ongeza milimita moja au mbili ili ncha zipandiane upande wa nyuma.

Karatasi ya printa ya wino yenye utando usio na rangi inashika nafasi ya pili, na kwa wengi ndiyo watakayoinunua hasa, kwa sababu printa ya wino wanayo tayari. Rangi zake mara nyingi ni laini na zenye kina kuliko za leza, ila wino wa printa nyingi za nyumbani hulegea ukiguswa na maji, hivyo ukurasa lazima ufunikwe kwa vanishi ya akriliki ya kupulizia. Ongeza gharama ya vanishi hiyo unapolinganisha bei. Acha wino ukauke vizuri, pulizia tabaka la kwanza liwe jepesi kama umande, subiri, kisha ongeza mengine mawili; anayemwaga vanishi nyingi kwa mara moja huona wino ukichuruzika mbele ya macho yake. Unapokata, acha ukingo mtupu wa milimita mbili kuzunguka picha, kwa sababu mkasi ukipita katikati ya wino, maji huingilia hapo hata kama uso umefunikwa. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, wino wa pigmenti, wenye chembe ndogo za rangi, huvumilia jua kuliko wino wa "dye", ambao rangi yake imeyeyushwa.

Karatasi yenye utando mweupe ni ya tatu. Huuzwa kama jibu la roketi nyeusi, na ni jibu kweli kwa bendera, duara au mstatili, yaani maumbo ambayo kisu kinaweza kuyafuata hadi ukingoni. Kwa herufi ndogo haifai. Kuchapa nyuma ya herufi rangi iliyo sawa na ya roketi ni ujanja unaopendekezwa mara kwa mara, lakini rangi ya printa na rangi ya kopo hulingana kwa nadra. Mstari mweupe unaobaki ukingoni hufichwa kwa kalamu ya rangi.

Vinili yenye gundi, yaani plastiki ya kubandika, naiweka ya nne, ingawa kwa jambo moja huzishinda zote: ukiwa na mashine ya kukatia, kama Silhouette Cameo au Cricut, herufi nyeupe hukatwa kutoka kwenye vinili iliyo nyeupe yenyewe, na tatizo la wino mweupe halipo tena. Inafaa kwa roketi kubwa na mapezi bapa. Ni nene, ukingo wake huhisika kwa kidole, na kwenye pua ya roketi, penye mpindo wa pande mbili, hujikunja.

Printa za tona nyeupe, kama baadhi ya zile za OKI, ni za mashindano ya mifano inayoiga roketi halisi kwa kila undani. Agiza ukurasa kwa mwenye mashine badala ya kuinunua. Printa za Alps MD, zilizochapa nyeupe na rangi za metali kwa utepe, hazitengenezwi tena, na printa iliyotumika bila tepe zake ni mzigo. Lebo za karatasi ziache.

Katika agizo hilohilo weka vanishi inayong'aa ya kupaka roketi kabla ya kubandika, kwa sababu uso usiong'aa hunasa hewa chini ya utando na kuacha mabaka ya rangi ya fedha. Dawa za kulainisha stika kama Micro Sol zijaribiwe kwanza kwenye kipande cha ziada, kwani huweza kuukunja utando uliochapwa nyumbani. Nunua pakiti ndogo na uihifadhi ikiwa imelala bapa mahali pakavu. Karatasi iliyokaa sana huanza kupasukia majini.