Fundi mashua wa Jibondo: kazi anaijua, ila mdomo sasa!

Jamani naandika hii hasira bado haijaniisha. Mashua yangu ilipanda mwamba huku Mafia, upepo wa kusi umeshachachamaa, kamba ya nanga ikakatika usiku, asubuhi tunaikuta imelala ubavu juu ya mawe karibu na kisiwa cha Jibondo, mbao tatu za chini zimevunjika na mataruma mawili, zile mbavu za chombo, hayapo. Huko hakuna kreni, zamani hata maji ya kunywa yalikuwa yanavushwa kwa chombo, kwahiyo tukafunga mapipa matupu pembeni tukasubiri bamvua, yale maji yanayojaa sana, maana ukiikosa unakaa tena kama wiki mbili huku mawimbi yanakutafunia mali yako.

Haya, kuinasua tuliinasua. Shida huyu fundi. Nimemfuata kwa heshima zote, shikamoo mzee, akaitika kwa kuguna. Akaizunguka mashua mara moja tu, akaingiza kidole akavuta ile silikoni niliyonunua Dar nikazibia mwaka jana, ikatoka ndeefu kama tambi, akainyanyua juu vijana wote waone. "Nani kaweka hii? Hiki chombo au sinki?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi mwenye mashua, mimi mwenye hela, nimesimama pale suruali imelowa mpaka mapajani nachekwa na watoto! Nikamwambia kesho naleta fundi kutoka mjini Kilindoni. Akasema mlete, na pampu mje nayo.

Sikumleta, ningempata wapi. Wiki kama tatu hivi ikawa ndo maisha yangu, nikiuliza mbao lini naoneshwa mgongo, nikishika nyundo nanyang'anywa, na bei yake haina mwanangu wala ndugu yangu. Nikaapa hapa ni nyota moja na hiyo moja kwa sababu sifuri haipo.

Ila tuseme ukweli, na inaniuma kusema. Mbao ikikaa majini inavimba, silikoni inabanwa inasukumwa nje, na kwenye mbao iliyoshiba mafuta haishiki kabisa. Yeye kaloweka pamba kwenye mafuta ya nazi, kaikalafati, kaishindilia kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo mstari kwa mstari, yaani mpaka ule mlio nauota, halafu chini kapaka deheni, ule mpako wa chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama). Taruma jipya ukilitazama utadhani limezaliwa na chombo. Nimeshaenda nayo Kilindoni na kurudi, upepo wa kufa mtu, kopo la kuchotea maji limekaa kavu, nimeishia kunywea uji.

Kwahiyo nikasema basi, nampa nne, moja nakata ya mdomo. Sasa juzi kanikuta sokoni niko na mashemeji zangu, wala hajanisalimia, ananiuliza kwa sauti, "Silikoni haijambo?"

Mbili.