Miwani ya Piggy: maoni yangu kuhusu Lord of the Flies

Natengeneza miwani hapa Tanga mjini, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo riwaya hii nimeisoma kwa jicho la fundi. Nakala yangu ni ya mtumba, shilingi elfu nne, jalada limebanduka. Nilikusudia kusoma sura moja kabla ya kulala. Nilizima taa saa tisa usiku.

William Golding, mwalimu wa Uingereza, aliitoa mwaka 1954. Ni wakati wa vita, ndege inaanguka, wavulana wanabaki kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Ralph, kiongozi wao, anataka moto uwake mlimani ili meli zione moshi. Jack anataka kuwinda nguruwe. Siku meli inapita kule mbali na moto umezimika kwa kuwa wawindaji wameutelekeza, niliweka kitabu chini nikazunguka sebuleni.

Lakini kwangu mimi kitabu hiki ni cha Piggy. Mnene, ana pumu, amelelewa na shangazi mwenye duka la peremende, na jina lake la kuzaliwa hatuambiwi. Miwani yake ndiyo kiberiti cha kisiwa kizima: wanaikinga juani, miale inakutana kwenye kuni, moshi unatoka. Miwani wanaitaka, mwenyewe hawamtaki. Jack alipompiga kioo kimoja kikavunjika, niliumia kweli. Nimewahi kumpokea dukani mtoto wa darasa la tano aliyevunjiwa miwani na wenzake. Alikuja na vipande kwenye kiganja, hakusema neno.

Kosa lipo, tena la fani yangu. Golding anasema Piggy haoni mbali. Lenzi ya mtu kama huyo ni nyembamba katikati, nene pembeni. Hutawanya mwanga, haiwashi hata jani kavu. Ya kuwashia moto ni ile ya babu anayesomea gazeti. Tena akivuliwa miwani, Piggy analalamika kwamba hata mkono wake hauoni vizuri, wakati asiyeona mbali huuona mkono bila shida akiusogeza karibu.

Na kuhusu watoto kuwa wakatili kama wanyama wakiachwa peke yao, simkubalii Golding moja kwa moja. Mwaka 1965 wavulana sita wa Tonga, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, walitoroka shule kwa mashua wakakwama kisiwa cha Ata zaidi ya mwaka, hadi nahodha wa Australia alipowakuta Septemba 1966. Moto wao waliulinda. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakamfunga vijiti, ukaunga. Mpe kijana kitabu hiki, na habari hiyo msimulie.

Kiingereza chake kizito, hasa anapoeleza msitu na bahari. Walio chini ya kidato cha tatu wasubiri, maana humo watoto wanauawa na wenzao. Mwanangu wa kidato cha nne amefika sura ya kumi. Jana usiku alikuja kuniuliza kama Piggy atarudishiwa miwani yake. Nilimwambia asome.