Masaji ya nyayo kwa mama mwenye kiharusi, Chumbageni Tanga

Naandika hii kwa wenzangu mnaouguza mtu nyumbani hapa Tanga, maana najua mnavyohangaika na kila jirani anakuja na dawa yake. Mama alipata kiharusi mwaka jana kabla ya Ramadhani, upande wa kushoto wote ukalegea, baadae ukakakamaa, mkono umejikunja na vidole vya mguu navyo vinajikunja kama vinang'ang'ania kitu. Mazoezi ya viungo anafanya hospitali, dawa za presha anameza, lakini usiku halali, mguu unamvuta.

Pa kwanza tulikoenda sipataji jina. Kijana alimbonyeza unyayo kwa kijiti, haraka haraka, mguu ukaanza kudunda wenyewe juu ya stuli, ta ta ta ta, yeye akafurahi kabisa, eti mnaona sumu inatoka, mama aache vidonge vya presha, mwezi mmoja tu atatembea. Roho iliniuma sana. Wa mazoezi hospitali alivyosikia akanieleza kwamba ule mdundo ni kiharusi chenyewe, ubongo ukishaumia unashindwa kuituliza misuli, sasa ukiushtua mguu ghafla unajibu kwa kudundadunda, hakuna sumu wala nini. Na kuacha vidonge vya presha ni kuita kiharusi cha pili.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu dada wa Chumbageni, anafanya rifleksoloji, yaani masaji ya nyayo inayosema kila sehemu ya unyayo ina kiungo chake mwilini. Siku ya kwanza hakugusa mguu karibu nusu saa, alimwamkia mama, akakaa chini akauliza: anatumia dawa gani, ipo ya kuzuia damu isigande, sukari anayo, unyayo una ganzi, alishawahi kuanguka? Maji ya kuoshea miguu aliyapima kwa kiwiko chake kwanza, kwa sababu mama upande ule hasikii moto. Kijiti hana. Anashika unyayo kwa kiganja kizima, anatulia, akiona vidole vimeanza kulegea ndo anasogea taratibu na mafuta ya nazi, na mguu ukitaka kudunda anasimama anausubiri.

Chati anayo ukutani, kidole gumba ndo kichwa, ukingo wa ndani wa unyayo hadi kisigino ndo uti wa mgongo. Chimbuko lake ni Marekani, daktari William Fitzgerald aligawa mwili kanda 10, halafu Eunice Ingham akaichora ramani ya miguu miaka ya 1930. Mi kiukweli ile ramani siiamini, hakuna aliyethibitisha kwamba ukibonyeza gumba ubongo unapona, na dada mwenyewe hakutuahidi hivo, alisema yeye anatuliza mwili tu, kiharusi ni cha daktari na mazoezi. Hapo ndo aliponipata.

Alichopata mama ni usingizi. Siku ya masaji analala mpaka alfajiri, na mimi nalala. Mara ya tatu alinishika mkono kwenye bajaji akaniambia, "Mwanangu, leo mguu wangu nimeukumbuka." Mkono bado umekunja vilevile, nisiwadanganye.

Kuna siku dada alikataa hela yetu. Alivua soksi ya mama akaona kigimbi cha kushoto kimevimba na kina joto kuliko cha pili, akasema simkandi leo, nendeni hospitali sasa hivi, mshipa ukiwa na damu iliyoganda ukiukanda bonge linaweza kukimbilia kwenye mapafu. Tulienda, wakampima, kweli damu iliganda, akaanzishiwa dawa. Tulirudi kwake baada ya daktari kuruhusu, na barua ya daktari aliitaka aisome kwanza.

Bei ni elfu 20 kwa dakika 45, kwetu si ndogo kwahiyo tunaenda mara mbili kwa mwezi. Mlangoni kuna ngazi tatu hazina pa kushikia, nimeshamwambia, kwahiyo nendeni wawili, mmoja akae upande uliopooza. Jumamosi panajaa, siku za kati mnahudumiwa bila kusubiri.