Kuwasha Kompyuta Kuukuu Bila Diski: Ununue Nini Kwanza

Katika kompyuta za mtumba, diski ni miongoni mwa vitu vinavyokufa mapema, na hapa Mombasa, penye joto na stima inayopotea ghafla, kununua diski nyingine iliyokwisha kutumika ni kununua tatizo lile lile mara ya pili. Mwenye darasa la kompyuta Kisauni au Likoni ana njia nne nyingine, nami nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni kuwasha kupitia mtandao kwa PXE, utaratibu wa kompyuta kuanza kwa mfumo ulio kwenye kompyuta nyingine, uliotolewa na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990. Kadi ya mtandao huomba anwani kwa DHCP (huduma ya kugawa anwani za mtandao), hupakua faili ndogo ya kuanzia kwa TFTP (njia rahisi ya kuhamisha faili), kisha mfumo wa uendeshaji wote hutoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine. Ukiwa na mashine tano au zaidi usisite, kwa sababu mfumo unautengeneza mara moja tu, na kila mashine huupata inapowashwa. Hata hivyo, usitosheke na neno la muuzaji. Mwombe aiwashe mashine pale pale kaunta, mwingie kwenye BIOS (programu ya mpangilio inayoanza kabla ya mfumo) na mchague kuanzia mtandao. Skrini ikiandika PXE-E61, usiikimbie mashine hiyo: kwa kawaida maana yake ni kwamba kebo haijachomekwa, na maandishi yenyewe ni ushahidi kwamba PXE imo ndani.

Fedha utakazookoa kwenye diski zitie kwenye swichi ya gigabiti, kebo nzuri na UPS (betri ya akiba ya stima) ya seva, maana seva ikizima, darasa zima limezima. Ruta ya intaneti nayo hugawa anwani, basi usiweke DHCP ya pili ya kushindana nayo. Programu ya dnsmasq inaweza kuongeza maelezo ya PXE peke yake na kuiachia ruta kazi ya anwani. Nunua pia betri ya CR2032 kwa kila mashine. Nimewahi kuhangaika asubuhi nzima na kompyuta iliyosahau mpangilio wake kila stima ilipopotea, kumbe ni kibetri hicho.

Kwa mwenye mashine moja, namba mbili ndiyo bora: kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash na adapta ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski), yenye pini 40 kwa kompyuta ya mezani au 44 kwa laptopu. Kadi hiyo huzungumza lugha ile ile ya diski za IDE, na haina kinachozunguka ndani yake. Zikague pini kwa makini kabla ya kulipa, kwa kuwa hewa ya chumvi huzila.

Flashi ya USB naiweka ya tatu. Ni rahisi, lakini BIOS nyingi za miaka ya 1990 hazianzii hapo, na darasani flashi hupotea.

Ya mwisho ni CD yenye iPXE, programu huria inayoipa uwezo wa mtandao mashine ambayo kadi yake haina PXE.

Njia yoyote utakayoichagua, ulizia kichakataji. Pentium 4 za mwanzo ni za biti 32, na Debian 12 ndilo toleo la mwisho la Debian, mfumo huria wa Linux, lenye kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo ukizichanganya na mashine za biti 64 unazotaka ziwe na toleo jipya zaidi, seva yako italazimika kubeba mifumo miwili.